Nyota Aliyofichwa Baba Ansgar

Katika kigango kimoja cha upande wa Ushirombo, kwenye njia waliyopita vijana wakienda Geita kuchimba dhahabu, watu hawakuamka kwa jogoo. Majogoo wa pale walikuwa na uongo mwingi, waliwika hata mtu akitoka nje na kibatari. Watu waliamka kwa ngoma ya Telesphori, na Telesphori aliipiga kwa macho ya mkewe, Febronia.

Zamani macho yalikuwa ya Telesphori mwenyewe. Aliijua Zuhura inapotokea na inapojificha, alijua nyota za Kilimia zikizama maana yake nini kwa mwenye jembe, na miezi ambayo Zuhura ilihamia magharibi alijua nyota gani za kushika badala yake. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, jicho moja kwanza, halafu la pili, mpaka akabakiwa na mwanga na kivuli tu. Mtu akisimama mlangoni alijua kuna mtu. Nyota hakuwa nazo tena. Katekista wa kigango, Bartholomeo, Msukuma wa Songwa mwenye mwili mkubwa na moyo mwepesi wa huruma, hakuthubutu kumwomba arudishe vijiti vya ngoma. Wala hakukuwa na haja, kwa sababu Febronia alikwishaanza kutoka nje kila alfajiri badala ya mumewe.

Hakuijua mbingu hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa jembe na kinu, na mtu mwenye kazi hizo mbili huangalia chini. Telesphori alimfundisha akiwa amekaa kwenye kigoda ndani ya mlango: simama hapa, bega lako la kushoto lielekee ule mkwaju, sasa inua macho polepole. Mara ya kwanza Febronia aliona nyota nyekundu nzuri juu ya kilima akamwambia mumewe apige. Akapiga. Kigango kizima kikaamka, kikasali, kikakaa kusubiri mapambazuko mpaka watoto wakalala tena juu ya mikeka ya kanisa. Kumbe nyota ile ulikuwa moto wa warina asali. Kwa muda mrefu akina mama walipokutana naye kisimani walimwuliza kama kumekucha.

Lakini alijifunza. Na alipokwisha kujifunza, alishangaa kwamba ameishi miaka yote chini ya vitu vile bila kuviona. Alfajiri ikawa saa yake. Alisimama uani na kanga mabegani, umande ukimlowesha miguu, akamsimulia mumewe anachokiona, na yeye kule ndani akiitikia eeh, eeh, kama mtu anayeletewa habari za watoto wake walioko mbali. Mtoto waliyekuwa naye, Ansgar, alikuwa huko Geita chini ya ardhi, hakuja nyumbani ila kwa nadra. Basi nyota ndizo zilizokuwa maongezi ya nyumba ile.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Ukoo wa Telesphori ulikuwa ukoo wa wapiga ngoma tangu hawajajua msalaba. Baba yake alimpigia ngoma mtemi, enzi Wajerumani bado wanatawala. Mwaka mmoja ikatokea nyota yenye mkia. Baba akaitazama, akaingia ndani, akatandika mkeka, akasema imemfuata yeye. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikataa uji, akageukia ukutani, na siku chache baadaye wakamzika. Telesphori alikuwa mdogo. Mwaka ule ule aliomwoa Febronia alimweleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Sisi wa ukoo huu hatuuawi na homa. Tunasubiri ile nyota. Ikija nitatandika mkeka, na wewe usinisumbue na uji."

Febronia alimkumbusha kwamba amebatizwa. Telesphori alikubali kabisa, akasema ubatizo huosha dhambi, lakini hajasikia padre akisema kwamba huosha ukoo.

Utacheka, lakini Febronia hakucheka. Alikuwa amemwona Makoye wa jirani, mtu mzima na nguvu zake, aliyeambiwa na mganga kwamba hatavuka mavuno ya mtama. Makoye alikaa barazani, akaacha kula, na mtama ulipokauka akafa. Watu wa kule wakikubali kufa hawahitaji kusaidiwa.

Basi ilipofika Majilio ya mwaka 1947, jioni moja jua limekwisha kuzama na magharibi bado kuna wekundu, Febronia alitoka na kikapu cha michembe ya viazi vikavu, akainua macho, na michembe yote ikamwagika. Nyota yenyewe ilikuwa juu ya upeo wa kusini magharibi, imepauka kidogo rangi ya chungwa, na mkia wake umepanda juu ukitawanyika. Nyuma yake ndani ya nyumba Telesphori alikuwa akiimba taratibu wimbo wa Bikira Maria. Febronia aliokota michembe mmoja mmoja, na alipomaliza kuokota alikuwa amekata shauri. Mumewe haoni. Kisichoonwa na macho huletwa na midomo, na midomo inaweza kuombwa.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Bartholomeo alikwenda kwanza, akapiga magoti kama yuko kwenye kitubio, akamsihi. Katekista yule alikuwa tayari ameandaa mahubiri makubwa ya Noeli juu ya nyota ya Bethlehemu, na nyota yenyewe Mungu amemletea mpaka juu ya paa la kanisa. Ilimwuma. Hata hivyo aliahidi. Noeli ilipofika alihubiri kwamba Mamajusi walitoka mashariki, wakasafiri safari ndefu, wakauliza njia, wakafika. Kanisa zima likatazama chini. Njiani wakirudi nyumbani Telesphori alimwambia mkewe kwamba katekista anazeeka, amewaleta Mamajusi bila nyota, na kwamba watu wanaouliza njia tangu Uajemi hawangefika kabla ya Pasaka.

Aliyetisha zaidi alikuwa Mwamvua, mfanyabiashara wa chumvi na kanga kutoka Nyasubi kule Kahama, Mwislamu mcheshi ambaye kila alipopita alilala kwao, na ambaye hakuwahi kumeza neno tangu azaliwe. Aliingia jioni, akamwamkia Telesphori shikamoo kwa adabu, akaitikiwa marahaba, akakaa, akaanza kusema kwamba huko alikotoka watu wote shingo zinawauma kwa kutazama juu. Febronia akamkanyaga mguu. Mwamvua, Mungu amrehemu, alimalizia kwamba wanatazama juu kwa ajili ya nzige. Telesphori akasikitika sana juu ya nzige wale ambao hawakuwapo, na usiku aliwaombea watu wa Kahama rozari nzima.

Nyota ile ilififia kabla ya mwaka kwisha. Mvua zikanyesha, mahindi yakaota, na Febronia akapalilia akijiona mwanamke aliyemwibia mauti mumewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wenye kusema. Yeye aliona yake imemfikisha alikokuwa akienda.

Mwaka ule mpya ulikuwa mwema kwao. Zuhura ilikaa magharibi miezi mingi, inang'aa jioni mpaka watoto wanaigombania ni ya nani, kisha ikapotea, na baada ya muda si mrefu ikazukia mashariki alfajiri. Siku iliporudi Febronia aliiona kwanza kwenye matawi ya mkwaju. Akasahau kusema. Telesphori akauliza kulikoni, naye akamjibu kwamba mgeni wake amerudi, na mzee akapiga ngoma kwa furaha hata wenye usingizi mzito walihisi kuna harusi.

Kisha ikaja sikukuu ya Watakatifu Wote. Ilikuwa Jumatatu. Watu walikuwa wamejaa kanisani, kanisa la miti na nyasi lililoelekea mashariki, na jua halijapanda sana. Katikati ya litania mwanga ukaanza kuchoka. Si kwa mawingu. Baridi ikaingia, ndege wakanyamaza, na Febronia alipotazama mbele yake aliona jambo ambalo hakulisahau mpaka alipozeeka. Mwanga uliopenya kwenye vitundu vya ukuta wa nyasi ulikuwa umegeuka vimwezi. Vimwezi vidogo, vyembamba, vimejaa sakafuni, kwenye vitambaa vya akina mama, kwenye shati jeupe la Telesphori toka begani mpaka kiunoni. Akipumua, vinapanda na kushuka naye.

Mtu mmoja akasema jua linaliwa. Wote wakatoka nje, na kwenye vijiji vyote vya jirani vikasikika vinu na madebe vinapigwa. Bartholomeo akajaribu kueleza kwamba ni mwezi tu umepita mbele ya jua, lakini sauti yake ilitetemeka, na maelezo yanayotetemeka hayamtulizi mtu. Telesphori hakuuliza ruhusa. Alipapasa mpaka kwenye ngoma, akaipiga mpigo wa zamani ambao kigango hakikuwahi kuusikia, mpigo wa baba yake. Aliupiga mpaka jua likaanza kunenepa tena. Najua, na wewe unajua, kwamba lingerudi hata angekaa kimya. Ila siku ile hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo, na yeye mwenyewe alitembea kama bwana harusi mpaka jioni.

Kesho yake ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Alimwombea baba yake. Walipokuwa wakirudi, mkono wake begani mwa mkewe, akasema kwa utulivu kwamba mwaka huu mbingu zina kazi nyingi. Jua limekwisha kupita. Nyota ya baba haiko mbali.

Febronia alijiambia kwamba imekwisha kuja na kuondoka, imeshindwa, haiwezi kurudi.

Ilirudi juma lile lile. Alitoka alfajiri kumtazamia Zuhura, na kulia kwa Zuhura, chini, kusini mashariki, kulikuwa na mkia mrefu uliosimama, mweupe, ukipanda mpaka mahali ambapo angelazimika kuinua kidevu kuufuata. Ile ya Majilio ilikuwa mgonjwa mbele ya hii. Hii ilikuwa imetulia, haina haraka na mtu. Chini ulikuwa mwembamba, juu ukapanuka na kulegea kama unga mwanamke anapopepeta na upepo ukauchukua.

"Unaona nini?" Telesphori akauliza toka kigodani.

"Zuhura," akasema Febronia. "Iko peke yake."

Alisema hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Wale waliokula kiapo cha Noeli hawakuhitaji kuombwa tena, walinyamaza wenyewe. Lakini safari hii mambo yalikuwa magumu kwa Febronia, na sababu si midomo ya watu. Sababu ilikuwa nyota yenyewe. Alikuwa ameshazoea kumgawia mumewe kila anachokiona, hata popo, hata umande, na sasa alikuwa anakula peke yake kwenye giza kitu kitamu kuliko vyote. Akawa anakawia. Alisimama uani mpaka miguu inakufa ganzi, akisahau ngoma, akisahau kwamba anaiogopa. Mara nyingine alijikuta machozi yanamtoka, na hakujua kama analia kwa hofu au kwa uzuri. Kisha anashtuka, anaita, ngoma inalia ikiwa imechelewa.

Alfajiri moja alipoingia alimkuta Telesphori amesimama, na vijiti vya ngoma mkononi.

"Mama Ansgar, siku hizi unakawia, na ukirudi sauti yako imelowa. Miaka hii yote nimekufanya mboni zangu. Kama umechoka, nieleze tu. Leo hii nitampelekea Bartholomeo vijiti vyake, nami nitakaa barazani kama wazee wengine. Sitakukasirikia."

Febronia alisimama mlangoni. Akinyamaza, mumewe anaacha ngoma, na ngoma ndiyo iliyokuwa ikimwinua mzee kitandani kila siku. Akisema, anatandika mkeka. Kila upande alioangalia kulikuwa na kaburi. Mwishowe alichoka, na mtu aliyechoka husema kweli kwa sababu ni nyepesi kubeba.

"Sijakuchoka," akasema. "Ni nyota, Baba Ansgar. Ina mkia."

Febronia alimsikia akipumua. Alingoja aulize mkeka uko wapi, na alikwishajua kwamba ataukalia yeye mwenyewe, hatampa, wapigane hata wakiwa wazee.

"Nitoe nje," Telesphori akasema.

Akamtoa. Akamsimamisha pale pale alipokuwa akisimama yeye, bega la kushoto kwenye mkwaju. Akamshika mkono wa kulia, akamkunjua kidole cha shahada, akakiweka chini kabisa ilipoanzia. "Kichwa chake ni hapa." Kisha akaupandisha mkono ule polepole, na mkono ukapanda, ukapanda, mpaka Febronia akalazimika kusimama kwa vidole vya miguu ili kuufikisha. "Na mkia unaishia hapa."

"Mrefu hivi?"

"Mrefu hivi. Juu unakuwa mpana."

"Rangi yake?"

"Kama maziwa yaliyotiwa maji."

"Inatisha?"

Febronia aliitazama, akataka kumjibu sawasawa, maana uongo wake wa mwaka mzima ulikuwa umemwisha. "Haitishi. Nimekuwa nikilia kila siku, lakini haitishi. Ni nzuri mno, Baba Ansgar. Sijaona kitu kizuri namna hii tangu nizaliwe."

Telesphori akaurudisha mkono chini mwenyewe, kisha akaupandisha tena kwa njia ile ile, bila kusaidiwa. Akarudia. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mimi sikuiona," akasema. "Shangazi zangu walinifungia ndani, wakanifunika ngozi. Nilisikia watu tu wakipiga yowe. Nikajua ni kitu kibaya, chenye meno. Kumbe baba yangu aliondoka na hiki." Akaushusha mkono. "Nimekichukia maisha yangu yote."

Wakakaa chini pale uani, juu ya umande. Akataka aambiwe tena toka mwanzo, na Febronia akamwambia, na alipomaliza akamwambia pia ile ya Majilio, na michembe iliyomwagika. Mashariki ikaanza kupauka, mkia ukanywea kidogo kidogo, Zuhura ikabaki, kisha Zuhura nayo ikapotea. Hakuna aliyeikumbuka ngoma.

Kigango ndicho kilichoikumbuka. Watu waliamka kwa jua, wakatazamana, na kila mmoja akaelewa bila kuambiwa. Bartholomeo alikuja mbio amebeba maji ya baraka. Akina mama walikuja nyuma yake wamekwisha kujifunga vitambaa vya msiba, na Mwamvua, aliyekuwa amelala kwa jirani na mzigo wake wa chumvi, alianza kulia tangu njiani, kwa sauti, kama inavyompasa mtu aliyelala kwao na kula chao.

Walipoingia uani walimkuta marehemu ameketi juu ya majani, mkono mmoja umenyooshwa kwenye mbingu tupu. Aligeuza uso kuelekea kile kilio.

"Mwangaluka," akawasalimia. "Nani amekufa?"

Bartholomeo alificha maji ya baraka nyuma ya mgongo, kana kwamba angeonekana. Febronia alijaribu kusema jambo, akashindwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na akina mama wakafuata, na Mwamvua akiwa bado analia kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza na hakujua aachie wapi.

Mwezi wote ule wa Novemba ngoma ilichelewa. Telesphori alitaka kwanza apelekwe uani, ainyooshee mkono, aelezwe imehamia wapi na imepungua kiasi gani, ndipo apige. Bartholomeo hakumwambia neno. Watu walizoea kusali jua likiwa limechomoza. Na Febronia, kila alipomshika mkono ule na kuupandisha, aliupima kwa siri kama una nguvu, kama una joto, kama hauanzi kuwa mzito. Uji mzee alikunywa. Aliomba na nyongeza.

Kisha nyota ikafifia, ikawa ukungu, ikawa alama ambayo Febronia aliiona kwa sababu tu alijua ilipokuwa. Alfajiri moja alitazama sana, akasogea huku na huku, akakinga macho kwa viganja.

"Leo haipo," akamwambia.

Telesphori alikuwa amekwisha kuuinua mkono. Ulibaki juu kitambo kidogo.

"Basi imekwenda bila mimi," akasema.

Febronia alimtazama usoni kwenye kile kiza chepesi, akitafuta kama ni shukrani au ni majuto, na hakuweza kujua, wala hakutaka kuuliza. Aliushusha ule mkono polepole, akaufungua, akaweka ndani yake vijiti vya ngoma.